Haki ya Mnyama Usiku wa Mvua

Usiku mmoja wa mwezi wa Januari, saa ambayo mji wa Kakamega ulikuwa umekwisha kulala na vumbi la kiangazi limetua juu ya mapaa, simu yangu ililia, na sauti niliyoipokea ilikuwa ya mpwa wangu, mwana wa dada yangu wa Mumias, ambaye huu ni mwaka wake wa nne akiwa saisi katika faja moja ya farasi kwenye pwani ya Batina, nchini Omani. Moyo ulinipiga, kwa kuwa simu ya usiku kutoka Arabuni aghalabu huleta habari ambayo mchana umeionea haya. Lakini yeye hakuwa na msiba wa kuniambia. "Asalaam alaykum, mjomba," alisema, na nyuma ya maneno yake nikasikia kishindo kama cha mchele unaomiminwa juu ya bati. "Huku kunanyesha. Nimekaa na farasi, silali. Nimeona nikuamkue."

Mtu aliyezaliwa Kakamega, ambako mvua ni mgeni wa kila alasiri asiyebisha hodi, hucheka akisikia kwamba kunyesha ni habari ya kupigiwa simu. Lakini nchi ile kwa mwaka mzima hupata kiasi cha milimita 100 tu za mvua, na sehemu kubwa ya hizo huja katika miezi ya baridi, baina ya Desemba na Machi, kwa dhoruba chache zitokazo upande wa magharibi. Ilhali sisi hupata karibu milimita 2,000, na Januari yetu ni katika miezi ile michache ambayo ng'ombe hutembea mbali kutafuta jani bichi. Kwa hiyo usiku ule jangwa lililowa, na Kakamega, ambayo sifa yake Kenya nzima ni mvua, ilikuwa kavu. Kule, tena, mvua haina njia iliyoizoea: ardhi ngumu haiinywi, milima ya Hajar huiteremsha yote kwa pamoja kupitia mabonde yaitwayo wadi, na bonde ambalo asubuhi lilikuwa njia ya magari na mbuzi jioni huwa mto unaoyachukua magari na mbuzi hao hao.

Mpwa wangu alinieleza kazi ya usiku ule kwa utaratibu wa mtu aliyeifanya mara nyingi. Kabla ya magharibi, alipoyaona mawingu juu ya milima, alizibua upya mtaro unaoizunguka faja, kwa maana upepo huufukia kwa mchanga kila juma, na mtaro uliofukiwa hautambulikani mpaka maji yenyewe yaje kuutafuta. Kisha akayainua marobota ya majani makavu juu ya mbao, kwa kuwa majani yakilowa huota ukungu, na ukungu humsokota farasi tumbo, naye farasi kwa maumbile yake hawezi kutapika, hata alichokimeza vibaya hana njia ya kukirudisha. Akawavika blanketi za mgongoni. Akayapasha maji moto kidogo, kwa sababu farasi akiona baridi hupunguza kunywa, na asipokunywa chakula humkaukia matumboni. Halafu kila baada ya saa mbili akapita na taa na kichokoo cha kwato, akiinua mguu mmoja mmoja na kutoa tope na kinyesi kilichoshikamana, maana ukwato uliozoea mchanga mkavu ukikaa katika maji hulainika, ukaanza kuoza upande wa chini, na kutoa harufu ambayo saisi huijua kabla hajakiona kidonda. "Na kuna jike mmoja ana mimba," aliniambia. "Kila ngurumo anatetemeka. Huyo nimemsimamia kichwani, namsemesha Kiwanga chetu cha nyumbani. Kiarabu anakisikia kila siku. Kiwanga nafikiri anadhani ni dua."

Tulicheka. Kisha akauliza lililomfanya, nadhani, apige simu ile. "Mjomba, wewe umesoma. Watu wa huku tangu mchana wanapigiana simu kupongezana kwa rehema. Mimi tangu mchana nakimbizana na mauti. Mvua hii ni rehema ama ni adhabu?" Nilimjibu upesi, kama wajibuvyo watu wazima wasiotaka kukesha, kwamba kila kitokacho kwa Mungu ni heri. Akanyamaza kidogo, ndipo akasema kwa adabu, "Inshallah, mjomba." Na mtu akijibiwa inshallah kwa jambo ambalo halikuwa la kesho, hujua kwamba hakusadikiwa. Nimeyaandika makala haya kwa sababu ya inshallah ile.

Jibu la kwanza ambalo wanavyuoni wangelitoa ni la lugha. Kiswahili chetu kina neno moja, mvua, nalo hulibeba lile tone linalomfufua mpunga na lile linalomwangusha bibi kizee kwenye utelezi. Wafasiri wa Kurani wameonyesha kwamba Kiarabu cha Kitabu kile hutumia neno ghaithi kwa mvua ya uokovu, iletwayo watu wakisha kukata tamaa, na neno matari, mara nyingi, kwa ile iliyoteremshwa juu ya kaumu zilizoangamizwa. Hiyo ni tofauti yenye hekima, lakini humfaa msomaji kuliko imfaavyo saisi, kwa kuwa tone halishuki likiwa na jina lake limeandikwa ubavuni. Wingu lile lile lililowafanya wenye mitende ya Batina wapongezane ndilo lililomkesheza mpwa wangu bandani, na kama angetoka nje kuliuliza wewe ni ghaithi au ni matari, angalilowa bure.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Katika hadithi mashuhuri iliyohifadhiwa na Bukhari imepokewa kwamba mtu mmoja aliingia msikitini Madina siku ya Ijumaa, Mtume akiwa anahutubu, akalalamika kwamba mali inaangamia na njia zimekatika kwa ukame, na mali ya watu wale ilikuwa ni wanyama wao. Akaomba waombewe mvua. Mtume akainua mikono, na mbingu ambayo haikuwa na wingu ikakusanya, ikanyesha hata Ijumaa ya pili. Ijumaa hiyo mtu akaingia tena, na mpokezi mwenyewe alipoulizwa kama ni yule yule alisema hajui. Akalalamika kwamba mali inaangamia na njia zimekatika, safari hii kwa mvua. Hakukemewa kwa ukosefu wa shukrani. Hakuambiwa kwamba juma lililopita yeye au mwenziwe alikuwa akililia kitu hicho hicho. Mtume aliinua mikono tena akaomba mvua iwe pembezoni mwao isiwe juu yao, ishuke juu ya vilima na mabondeni na mahali miti inapoota.

Nimeisikia hadithi hii tangu utotoni, madrasa ya Mumias, nasi watoto tulipenda ile sehemu ya wingu linalotokea ghafla. Leo ninaipenda sehemu ya mwisho. Dua ya Ijumaa ya pili haikuomba mvua iondolewe, wala haikuomba ipunguzwe; iliomba ielekezwe. Ilikubali kwamba maji yale ni mema, na kwamba wema wake unategemea yanaangukia wapi: yakianguka malishoni mnyama hushiba, yakianguka juu ya mnyama aliyefungwa kamba mahali pasipo na paa, hufa. Na katika kuelekeza maji sehemu moja ni ya Mwenye mbingu, na sehemu moja, iliyo ndogo lakini isiyokwepeka, ni ya mwenye jembe.

Ndugu zetu Wakristo, ambao ndio wengi katika nchi hii ya Waluhya, ambako wamisionari wa Marafiki (Wakweka) walijenga misheni yao Kaimosi mnamo 1902, wana kitabu cha Ayubu, nacho kina jambo ambalo sikulitambua mpaka usiku ule. Ayubu amepoteza wanyama wake, watoto wake na afya yake, anadai aambiwe sababu. Na Mungu anapomsemesha katika upepo wa kisulisuli, hamwambii sababu hata moja, bali humwuliza, katika mlango wa 38, ni nani aliyeyapasulia maji njia ili mvua inyeshe juu ya nyika isiyokaliwa na mtu, kisha katika mlango unaofuata humwonyesha farasi, mnyama asiyekimbia vita. Mvua ya jangwani na farasi, vikiwa karibu namna hiyo, mbele ya mtu aliyefilisika! Nilipovisoma tena niliona kwamba mtu yule anafundishwa kuacha kuisoma mvua kama barua iliyoandikiwa yeye. Inanyesha mahali ambapo hakuna wa kupongezwa wala wa kuadhibiwa. Mwenye kusema kwamba imekuja kwa ajili ya dhambi zake hujikuza sawa na mwenye kusema kwamba imekuja kwa ajili ya swala zake.

Lakini hapa panahitaji insafu, maana ni rahisi kuyasema haya mtu akiwa chini ya paa zima. Mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, mvua za El Nino zilishuka juu ya Garissa na nchi kavu ya kaskazini-mashariki yetu kwa wingi usiokuwa na kifani. Wafugaji wa kule wanajua, na walijua kabla ya mtaalamu yeyote kuandika, kwamba mvua ya kwanza baada ya ukame huua: mnyama aliyekonda, asiye na mafuta chini ya ngozi, akilowa usiku mmoja na upepo ukampiga, asubuhi hanyanyuki. Mwaka ule, juu ya baridi, madimbwi yalizalisha mbu, na mbu wakaleta homa ya Bonde la Ufa, maradhi yaliyotambuliwa mara ya kwanza kwa kondoo wa sehemu za Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ikawaharibia mimba kondoo na mbuzi, ikaua ndama, ikawafikia na watu. Nani atamwambia mfugaji wa Garissa kwamba hakuchimba mtaro? Wajibu wake aliutimiza na zaidi, na bado alibaki na kamba tupu mkononi. Kwa hiyo sisemi kwamba mwenye kutunza vema hulipwa kwa kuhifadhiwa mali yake. Anayesema hivyo huwaongezea waliofiwa mzigo wa lawama. Nasema jambo dogo kuliko hilo, na ili nilifikie sina budi kwanza kuungama langu.

Nyuma ya nyumba yangu, mahali ardhi inapoteremka kuelekea mto, nina zizi la ng'ombe wawili. Mwaka juzi, mwezi wa Mei, ambao kwetu ndio kilele cha mvua, mmoja wao alikuwa na ndama wa majuma matatu. Mtaro wa upande wa juu ulikuwa umejaa udongo tangu Februari. Nami nilikuwa nimeuona, nikasema nitamwita kijana auzibue Jumamosi, na Jumamosi zikapita kama saba. Usiku mmoja ikanyesha mvua ya mawe, maji yakaingia zizini, na ndama akalala ndani yake mpaka alfajiri, mamaye akiwa amefungwa hawezi kumsogeza. Alipata homa ya mapafu. Siku ya tano akafa. Nami, mtu aliyesoma, kama anisifuvyo mpwa wangu, siku ile ya tano nilimwambia mke wangu kwamba jirani yetu wa upande wa chini alimtazama ndama yule kwa jicho lisilo jema alipopita kuchota maji. Nililisema kwa sauti ya mtu anayefichua siri. Kwa siku mbili sikuitikia salamu ya jirani vizuri. Ni yeye aliyekuja na chepeo kunisaidia kuzika, na alipokuwa akichimba kaburi la ndama alitazama juu, akauona mtaro, asiseme neno.

Kosa langu lilikuwa dogo kwa kipimo cha dunia, lakini lina ukoo mrefu, na nitalitaja kosa moja tu katika ukoo huo kwa sababu linahusu farasi, mvua na Waswahili. Mnamo 1569 Francisco Barreto aliondoka Lisbon na jeshi, ametumwa na mfalme wa Ureno kuiteka nchi ya dhahabu ya Mwenemutapa. Na mwishoni mwa 1571 alifika Sena, kwenye kingo za mto Zambezi, pamoja na farasi wake, katika majira ya mvua. Pale palikuwa na Waislamu wa pwani, wafanyabiashara walioishi Sena kabla yake. Farasi wakaanza kufa, mmoja baada ya mwingine, na askari nao wakaanza kufa kwa homa. Kasisi Monclaro, aliyefuatana na jeshi lile, ameacha habari zake. Wareno hawakuuliza kama nchi ile ya maji na vichaka iliwahi kumlea farasi. Walihukumu kwamba Waislamu wamewalisha wanyama sumu, wakawakamata, wakawaua kwa mateso ambayo kalamu hii haina haja ya kuyahesabu. Farasi hawakuacha kufa. Barreto mwenyewe alifia Sena mnamo 1573. Ilikuwa lazima ipite zaidi ya miaka mia tatu, hata 1895, ndipo daktari David Bruce, katika nchi ya Wazulu, aonyeshe kwamba nagana, maradhi yanayomkondesha na kumwua farasi na ng'ombe, hutokana na kijidudu cha damu kiletwacho na mbung'o. Sumu ya Sena, kwa kadiri wajuzi wa leo wanavyohukumu, ilikuwa inaruka kwa mbawa mbili.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mwanadamu, mnyama wake akifa, hukimbilia jina la jirani. Si ujinga peke yake, kwa maana mimi niliijua homa ya mapafu kwa jina na kwa dalili. Nadhani ni kwa sababu mnyama hufa bila kushtaki. Mtoto akifa kwa uzembe wetu kuna jamaa watakaouliza, kuna hakimu, kuna sheria. Ndama hufa akikutazama, kimya chake hukuachia wewe kesi yote, na kesi isiyo na mshtaki mwingine ila nafsi yako ni nzito kuibeba, basi mtu humtafuta wa kumtwika.

Hapo ndipo ninapoona kwamba neno lifaalo kutawala mazungumzo haya ni amana. Farasi wa Batina hakuomba kuzaliwa jangwani wala kufungiwa. Ng'ombe wangu hakuchagua mteremko. Angekuwa huru angeliusikia unyevu upeponi akahamia mahali pa juu, kama wafanyavyo wanyama wa mwituni mwa Kakamega, ambao mvua ile ile haiwapi matanga. Sisi ndio tulioichukua hiari yake tukaifunga kwenye kigingi. Na mwenye kuchukua hiari ya kiumbe amechukua pamoja nayo deni la kumfikiria mahali pake. Dini yetu imelisema hili kwa mifano ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua: mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, na mtu aliyesamehewa kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu. Tazama kwamba kosa la yule mwanamke halikuwa kwamba paka alikufa, kwani paka hufa. Kosa lilikuwa ni kufunga mlango na kusahau. Na yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru atawakali, aliambiwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Tawakali haikuondoa kamba, wala kamba haikuondoa tawakali. Hilo ndilo jambo dogo nililoliahidi: mfugaji wa Garissa aliyefunga akatawakali, akapoteza, hana deni, mimi niliyeahirisha Jumamosi saba ninalo, hata kama ndama angalipona.

Mtu wa Isukha au Idakho, wa hapa hapa Kakamega, akisoma hapa atatabasamu, kwa kuwa yeye ana mnyama wake ambaye hakuna farasi wa Arabuni anayepata heshima zaidi. Fahali wa kupigana hulelewa peke yake, mbali na majike, hulishwa majani ya nepia bora kuliko ya wenziwe, hupewa jina kama la mkuu wa serikali, na asubuhi ya shindano husindikizwa hadi Khayega, Malinya au Shinyalu kwa pembe na ngoma za isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliitia mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa. Usiku wa mvua mwenye fahali huamka kumtazama kabla hajawatazama wanawe. Na ajabu ni kwamba watu wa Batina, ambako mpwa wangu anachunga farasi, nao hukutanisha mafahali wakapimana nguvu mchangani; naye alipoona mara ya kwanza pale Barka, alinitumia picha na maneno mawili: "Khayega hii!"

Je, mapenzi ya namna hiyo ni amana, ama ni fahari ya mwenye mnyama iliyovaa ngozi ya mnyama? Sitaki kuwa mkali, kwa sababu blanketi humpasha mnyama joto hata kama limevikwa kwa majivuno, na fahali aliyelala pakavu hajali nia ya aliyemlaza. Lakini mizani ipo, na huja siku yake. Fahali akishindwa akakimbia, aghalabu njia yake haiko mbali na bucha. Farasi akivunjika mguu au kasi ikimwisha, hesabu yake hubadilika jioni ile ile. Mwenye kumtunza mnyama siku ambayo hamwongezei sifa wala mali, siku ya uzee na ugonjwa na kushindwa, huyo ameonyesha kwamba alikuwa akimtunza mnyama. Mwingine alikuwa akiitunza bei.

Nalisema neno bei kwa makusudi, kwa sababu ya jambo ambalo mpwa wangu alilitaja mwisho wa simu, kwa mzaha, kama vijana wetu walioko ughaibuni wanavyoyataja machungu yao ili mama zao wasilie. "Farasi hawa wana blanketi mbili mbili, mjomba. Mimi ninayo moja, na chumba changu kinavuja." Tajiri wake simjui, wala sitamtaja, huenda ni mtu mwema ambaye hajawahi kuinua macho kuutazama mlango ule wa nyuma. Lakini niliposikia nilikumbuka methali yetu ya kwamba punda afe, mzigo wa bwana ufike, nikaona kwamba inaweza kugeuzwa: saisi afe, farasi wa bwana apone. Methali hizi mbili zinaonekana kupingana, moja ikimdhulumu mnyama na nyingine ikimtukuza, na kumbe zimechotwa katika kisima kimoja, maana zote mbili zinampima kiumbe kwa kile anachombebea bwana. Kurani inasema kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Anayeuhurumia umma ule kwa kuuacha huu wetu ulale katika maji hakuhurumia. Alipiga hesabu ya mali. Haki ya farasi usiku wa mvua haikamiliki mpaka mtu anayemshika hatamu naye apate pa kukauka.

Sasa ninaweza kumjibu. Nilimpigia mwezi wa Februari, mchana, saa ya mapumziko yake, nikamwambia kwamba usiku ule nilimjibu kivivu; kwamba mvua haikuwa na nia naye wala na wale waliopongezana; kwamba wao waliita rehema kile walichokuwa wamekwisha kukitayarishia mashina ya mitende, na yeye kwa mtaro wake na taa yake na Kiwanga chake aliwafanyia farasi wale kazi ya Ijumaa ya pili, akayaelekeza maji pembezoni mwao yasiwe juu yao. Nikamwambia kwamba kama farasi mmoja angalikufa, kazi yake isingalipungua hata chembe. Na nikamwambia amwendee tajiri wake kwa adabu, amweleze habari ya paa, kwa kuwa mwenye kunyamazia haki yake humzoesha bwana wake dhuluma.

Alisikiliza. Aliniambia kwamba jike yule amezaa salama, na kwamba paa la chumba alilifunika mwenyewe kwa turubai kuukuu la farasi. Hakusema kama atamwendea tajiri. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti ya heshima ambayo haimwachii mtu pa kukimbilia, "Na ule mtaro wa nyumbani, mjomba, ulizibuliwa?"

Mvua za Kakamega huanza Machi. Niliuzibua Jumamosi iliyofuata, kwa mkono wangu, kutoka kona ya juu ya zizi hadi kwenye migomba, na jirani yangu wa upande wa chini, ambaye maji yale sasa yangelipita karibu na uzio wake, nilimwita kwanza aje anionyeshe mahali pa kuyatolea.